Tangazo la Mmoja, Hasara ya Wengi: Namna ya Kulinda Makundi Yetu ya Mtandaoni

Kundi la WhatsApp siku hizi linaweza kubeba watu 1,024. Mtu mmoja akibandika humo tangazo la dawa ya kupunguza tumbo, kazi yake huisha kwa sekunde tano. Kila anayelipokea naye atatumia walau sekunde tano kulifungua, kulitambua na kulipita. Zidisha, utapata sekunde 5,120. Ni dakika 85 za watu zilizoteketea kwa sekunde tano za mtu mmoja. Tangazo likiwa video ya megabaiti 10, na watu 300 tu wakaipakua, zimekwenda gigabaiti tatu za bando ambalo kila mmoja alilinunua kwa fedha yake. Aliyetuma hachangii hata senti moja ya hasara hiyo.

Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo lote. Gharama ya ujumbe taka humwangukia anayepokea, na faida, kama ipo, humwendea anayetuma. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini matangazo hayakomi yenyewe, kwa nini kugombana hakusaidii, na kwa nini kundi lisilo na kanuni hufa hata kama wanachama wake wote ni watu wema.

Na makundi haya si mchezo. Ndimo tunamochangishana kwa ajili ya misiba na harusi, wazazi wanamopata taarifa za shule, vikoba vinamotoa hesabu, na ndugu walioko Muscat au Minneapolis wanamofuatana na wa nyumbani. Tangazo la mgonjwa anayehitaji damu likizama chini ya picha kumi na mbili za viwanja, huenda aliyekuwa na damu inayomfaa mgonjwa huyo asilione kabisa. Kwa hiyo suala la matangazo si la kero tu. Linahusu kama kundi litaendelea kufanya kazi iliyoliunda.

Tatizo lenye umri wa miaka mingi

Mwezi Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alituma tangazo la kompyuta mpya kwa watu takriban 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Wengi walikasirika, na wasimamizi wa mtandao wakamwonya. Lakini Thuerk mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba kampuni iliuza kompyuta za mamilioni ya dola kutokana na tangazo lile. Somo hilo halikuwapita waliomfuata.

Aprili 1994, wanasheria wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, waliandika tangazo moja la huduma ya kuwajazia watu fomu za bahati nasibu ya green card ya Marekani, ile ile ambayo kwa miaka mingi imevuta maelfu ya watu wa Afrika Mashariki. Kwa programu ndogo ya kompyuta, walilibandika katika maelfu ya makundi ya majadiliano ya Usenet: ya wapenda muziki, ya wanasayansi, ya wafugaji wa mbwa, bila kujali nani anazungumza nini wapi. Kushiriki bahati nasibu ile hakukuhitaji mwanasheria wala malipo yao. Watumiaji waliwaandikia kwa hasira kwa wingi mno hata mitambo ya kampuni iliyowaunganisha na intaneti ikalemewa. Wao hawakuomba radhi. Waliandika kitabu cha kuwafundisha wengine kutafuta pesa kwa njia hiyo. Mwaka 1997 Canter alifutiwa leseni ya uanasheria katika jimbo la Tennessee, na matangazo yale yakiwa miongoni mwa sababu.

Visa hivi viwili vina mambo mawili ambayo tunayaona kila siku kwenye simu zetu. La kwanza, anayetangaza halitazami kundi kama watu wanaozungumza. Analiona kama ukuta wa kubandikia karatasi. La pili, hasira za watu pekee hazimzuii, maana hata akitukanwa na elfu moja, wateja kumi wanamtosha.

Hesabu ya mtumaji

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, kampasi za San Diego na Berkeley, walitoa utafiti uliopima hesabu hiyo. Walijipenyeza ndani ya Storm, mtandao wa kompyuta zilizotekwa na wahalifu, wakafuatilia karibu barua pepe milioni 350 za kutangaza dawa. Baada ya siku 26, walioonyesha nia ya kununua hadi hatua ya mwisho walikuwa 28. Ndiyo, watu 28 katika ujumbe milioni 350. Kwa biashara yoyote ya kawaida hayo ni maangamizi, lakini kwa mtu ambaye kutuma hakumgharimu chochote, hata wawili ni faida.

Kwa hesabu hiyo hiyo unaweza kuuelewa ule ujumbe mashuhuri nchini Tanzania: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ukiusoma ukiwa umetulia, unauona ni upuuzi. Hela ipi? Namba ya nani? Lakini tapeli hakukusudii wewe uliyetulia. Ameutuma kwa maelfu ya watu, na katika maelfu hayo, hasa mwisho wa mwezi, wamo kadhaa ambao dakika hiyo hiyo wanasubiri namba ya mwenye nyumba, ya fundi au ya mtoto wao aliyeko chuoni. Kwao ujumbe unaingia kama jibu walilokuwa wakilingoja.

Mtafiti Cormac Herley wa Microsoft aliongeza jambo jingine mwaka 2012. Alieleza kwamba ujumbe wa kitapeli wenye dalili za wazi za uongo una manufaa kwa tapeli, kwa kuwa huwaondoa mapema watu makini na kumbakizia wale walio rahisi kudanganyika, ambao ndio anaotaka kutumia muda wake kwao. Kwa hiyo usijivunie kwamba utapeli fulani ni wa kijinga mno kumnasa mtu. Ujinga wake ni chujio. Mama yako, au kijana aliyekata tamaa ya kutafuta kazi, ndiye atakayebaki baada ya wewe kupita.

Mashine zina mipaka yake

Wengi huuliza mbona barua pepe zina sanduku la barua taka linalochuja zenyewe, na makundi yetu hayana. Jibu liko katika namna mifumo hii inavyofanya kazi. Kichujio cha barua pepe husoma maneno, viungo na anwani ya mtumaji, kisha hulinganisha na mamilioni ya barua zilizokwisha kutambuliwa kuwa taka. Tangu 2016, mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, maana yake kampuni yenyewe haiwezi kusoma mnachoandikiana. Ulinzi huo ni mzuri kwa faragha zetu, lakini una bei yake: hakuna mashine katikati inayoweza kuchambua kila tangazo.

Kinachobaki kwa kampuni ni kutazama mienendo. Namba inayotuma ujumbe mwingi kwa kasi isiyo ya kibinadamu inaweza kufungiwa. Januari 2019 WhatsApp iliweka duniani kote kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja. Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukawekewa kikomo cha sehemu moja tu, na kampuni ikasema usambazaji wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Haya ni mafanikio ya kweli, na yanathibitisha hoja ya msingi: ukimwongezea mtumaji usumbufu kidogo tu, taka hupungua sana.

Lakini mashine haijui kwamba tangazo la mbegu za mahindi linafaa kundi la wakulima na halifai kundi la wazazi. Haijui kwamba "shemeji" anayeuza mashuka amekwisha kuombwa mara tatu apunguze. Hukumu hiyo inabaki kwa watu, na kwanza kabisa kwa msimamizi, au admini kama wengi tunavyomwita.

Si kila anayejitangaza ni mhalifu

Kosa kubwa la wasimamizi wengi ni kuwatia watu wote kapu moja. Wako wa aina tatu, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa kwanza ni mgeni asiye na uhusiano nanyi. Ameingia kupitia kiungo cha mwaliko kilichosambaa, hajasalimia, na dakika ya pili anabandika "fursa" ya kuzalisha pesa kwa kuingiza watu wengine, upatu uliovishwa jina la kisasa. Huyu hana cha kujadiliwa. Futa ujumbe, mtoe, mripoti, badilisha kiungo.

Wa pili ni tapeli aliyevaa sura ya mwenzenu. Amemdanganya mwanachama akampa ile namba ya siri ya tarakimu sita, akaiteka akaunti yake, na sasa anaomba: "Naombeni laki mbili, nina dharura, nitarudisha jioni." Ujumbe huu ni hatari kuliko wote kwa sababu unakula uaminifu uliojengwa kwa miaka. Kanuni hapa ni moja: hakuna kutuma fedha kwa ombi la maandishi kabla ya kumpigia simu ya kawaida mhusika na kusikia sauti yake. Msimamizi amtoe mara moja huyo aliyetekwa, awatangazie wote, na amrudishe mwenyewe akishaipata akaunti yake.

Wa tatu ndiye mgumu, maana ni mwenzetu. Ni dada mliyesoma naye anayeoka keki, ni mzee wa mtaa anayeuza kuku wa kienyeji, ni kijana aliyefungua duka la vipuri. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wako wanaoichukua methali hiyo kama hukumu kwa kila anayejitangaza. Mimi sikubaliani nao. Kizuri hakiwezi kujiuza kama hakuna anayejua kwamba kipo. Mfanyabiashara mdogo hana fedha za redio wala bango la barabarani, na watu wanaomjua ndio mtaji wake wa kwanza. Kundi linalomkataza kabisa kutaja riziki yake linamtendea ukatili, na mara nyingi linajinyima huduma nzuri iliyo karibu.

Tofauti kati ya kujitangaza kunakokubalika na usumbufu haiko katika bidhaa. Iko katika mambo manne. Je, mtu huyu hushiriki mambo ya kundi, au huonekana tu akiwa na cha kuuza? Je, tangazo linahusiana na shughuli za kundi au linajibu swali lililoulizwa? Je, amelitoa mara moja, au kila asubuhi? Na je, amesema wazi kwamba faida ni yake?

Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Mtu akiandika "Mimi ndiye muuzaji, bei ni hii, napatikana Mwenge," amekuheshimu. Akiandika "Jamani kuna dawa nimeisikia, imemponya jirani yangu," kumbe dawa ni yake, amekudanganya hata kama dawa ni nzuri. Mbaya zaidi ni pale watu wawili wanapopanga, mmoja aulize na mwenzake ajibu kwa sifa. Kisa cha namna hiyo kikifichuka, kila ushauri wa kweli utakaotolewa baadaye utatiliwa shaka. Ndiyo maana Wikipedia, tangu 2014, inamtaka kila anayelipwa kuandika makala zake aseme wazi nani anamlipa.

Kanuni zinazodumu

Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 na kuwa mwanamke wa kwanza kuipata, aliandika mwaka 1990 kitabu kuhusu jamii zilizofanikiwa kutunza rasilimali za pamoja kwa karne nyingi: malisho ya milimani Uswisi na mifereji ya maji Hispania. Alionyesha kwamba si kweli kuwa mali ya wote lazima iharibiwe na wachache. Mara nyingi huharibiwa pale isipokuwa na taratibu ambazo watumiaji wenyewe wamezikubali. Usikivu wa watu katika kundi ni mali ya pamoja ya aina hiyo hiyo, na aliyoyagundua Ostrom yanatufaa moja kwa moja.

Kwanza, mipaka iwe wazi. Kichwa cha kundi na maelezo yake yaseme kundi ni la nini. Washa kipengele cha msimamizi kuidhinisha wanaoingia, na usibandike kiungo cha mwaliko mahali pa wazi.

Pili, kanuni ziandikwe kabla ya kosa. Ziwe chache, tano au sita, za lugha nyepesi, na zipitishwe na wanachama wenyewe. Kanuni inayotungwa siku mtu anapokosea itaonekana imetungwa dhidi yake.

Tatu, matangazo yapewe mahali pake. Chagueni siku moja ya gulio kwa wiki, kwa mfano Jumamosi: tangazo moja kwa kila mtu, lenye bei, mahali na namba, bila video nzito. JamiiForums, jukwaa la Watanzania lililoanza mwaka 2006, lilitenga sehemu ya matangazo madogo ili mijadala mingine isivurugwe. Kwenye WhatsApp mnaweza kuanzisha kundi la pili la biashara, na anayetaka ajiunge kwa hiari yake. Utashangaa ugomvi unavyopungua watu wakijua zamu yao inakuja.

Nne, adhabu ipande ngazi. Ostrom aliona kwamba jamii zilizodumu huanza na adhabu ndogo kwa kosa la kwanza. Kumbusho la faragha, pamoja na kuliondoa tangazo, lije kwanza, kisha onyo, kisha kutolewa kwa muda, na mwisho kutolewa kabisa. Tapeli na mgeni mvamizi hawahusiki na ngazi hizi.

Tano, kanuni ziwahusu wote, na msimamizi kwanza. Hakuna kinacholiua kundi haraka kama admini anayefuta tangazo la mwenzake saa nne na kubandika la kwake saa tano. Kuweni na wasimamizi wawili au watatu, ili tangazo la mmoja lisimamiwe na mwingine.

Sipendekezi njia ya mkato ya kulifunga kundi ili wasimamizi pekee ndio waandike. Inafaa kwa taarifa za shule au za ofisi, lakini kundi la kuzungumza likifungwa mdomo kwa sababu ya watu wawili, wale wawili ndio wameshinda.

Namna ya kumwambia mtu

Tumelelewa tusimwaibishe mtu mzima mbele za watu, na malezi hayo ni sahihi hata mtandaoni. Anayekemewa hadharani hutetea heshima yake, si tangazo lake, na marafiki zake huingia vitani. Mwandikie pembeni, kwa jina la heshima mnaloitana:

"Shikamoo mama. Nimeona tangazo lako la vitenge, ni vizuri kweli. Naomba tuliweke Jumamosi pamoja na ya wengine, maana tulikubaliana siku nyingine tuache nafasi ya mambo ya kundi. Kwa sasa nimeliondoa, na Jumamosi nitakukumbusha."

Ujumbe huo unasifu kilicho kizuri, unataja makubaliano badala ya amri ya mtu, unasema kilichofanyika na unaonyesha mlango ulio wazi. Ni watu wachache wanaokasirishwa na maneno kama hayo. Na atakayekasirika hata hivyo, mmejua mapema kwamba alikuja kwa ajili ya soko tu.

Wajibu wa kila mwanachama

Msimamizi peke yake hatoshi. Ukiona ujumbe wa kitapeli, usiufute tu. Ukiuripoti kwenye WhatsApp, kampuni hupokea jumbe za mwisho za mtumaji huyo, hadi tano, na hiyo ni moja ya njia chache inazoweza kumtambua. Usimjibu, maana jibu lolote humwambia kwamba namba yako iko hai. Tanzania, ujumbe wa simu wa kitapeli unaripotiwa kwenda 15040, na Kenya wateja wa Safaricom huupeleka 333. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp yako leo, na usimpe mtu yeyote namba za siri zinazokuja kwa meseji, hata akijitambulisha kama ndugu. Tangu 2019 unaweza pia kuamua nani ana ruhusa ya kukuingiza kwenye kundi. Chagua watu walio kwenye orodha yako tu.

Na kama wewe ndiye mwenye biashara, usivune namba za wanakundi na kuwaingiza kwenye orodha yako ya matangazo bila kuwauliza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zimejengwa juu ya msingi kwamba taarifa za mtu si za kutumiwa kibiashara bila ridhaa yake. Mbali na sheria, ni biashara mbovu. Mtu aliyelazimishwa kukusikiliza hanunui, hukufungia namba. Aliyekuona ukijibu maswali ya wenzako bila malipo, ukichangia msiba, ukimwelekeza mtu hata kwa mshindani wako pale ulipokuwa huna alichokitaka, huyo ndiye atakayekutafuta mwenyewe.

Basi, wewe unayesimamia kundi, andika rasimu ya kanuni zako wiki hii, ziweke mbele ya wanachama wazijadili, mkubaliane siku ya gulio, na uzisimamie bila kumwogopa mkubwa wala kumwonea mdogo. Na wewe mwanachama, kabla hujabonyeza kutuma, jiulize: kama nisingekuwa na faida yoyote katika jambo hili, ningeona linafaa kuchukua muda wa watu hawa wote? Kama jibu ni hapana, subiri Jumamosi.